Kambale na Sahani ya Mkate

Mama yangu mpendwa huko Nansio,

Shikamoo. Naandika hata sijavua viatu vya kanisani, maana furaha hii nikiinyamazia itanipasua kifua.

Unakumbuka nilivyougua homa utotoni, nikawa nakataa kila chakula? Siku niliyotaka kula, nyumbani hakukuwa na kitu ila kambale aliyeletwa na jirani. Kambale hana magamba, na kanisani kwetu samaki asiye na magamba haliwi. Ulimpika hivyo hivyo. Nikakuuliza, "Mama, si dhambi?" Ukamega, ukala wewe kwanza. "Kula, mwanangu. Nitajibu mimi." Nikala, nikapona.

Tangu hapo, kila Meza ya Bwana, sahani ya mkate ikikufikia ulimpitishia wa pembeni bila kumega. Hakuna mzee wa kanisa aliyekukataza, ulijihukumu mwenyewe. Ukazidisha kufunga, ukazidisha kufagia kanisa, na bado ukaona hujatosha. Ilikuwa inaniuma, mama, kwa sababu ulijinyima kwa ajili yangu.

Leo hapa Butimba mchungaji ametufundisha habari za Ibrahimu. Mama, Ibrahimu alihesabiwa haki kabla Musa hajapewa sheria! Torati, yenye sheria hiyo ya magamba, haikuwepo bado. Alimwamini Mungu tu, basi. Niliruka kitini katikati ya mahubiri nikasema "Amina!" kwa sauti, mpaka dada wa pembeni akanivuta sketi. Nilikuwa nakuona wewe tu.

Najua utanitania: "Kwa hiyo sasa nianze kukaanga kambale?" Hapana, endelea na sato wako mwenye magamba. Sheria ni njema, lakini siyo iliyokupatanisha na Mungu. Ni Yesu, nawe unamwamini tangu sijazaliwa. Kambale mmoja atamshinda Yesu kweli?

Sabato ijayo nabatizwa ziwani, kisha tutashiriki Meza. Panda meli uje, tafadhali. Nataka nikutawadhe miguu, kama akina mama wa kanisa mnavyofanyiana kabla ya mkate. Halafu nitakaa pembeni yako, upande ule unaopitishia sahani. Safari hii ikinifikia, mama, nataka niikute umeshamega.

Nakusubiri gatini,
Mwanao uliyemlisha kambale