Konokono wa Mfongo Kwenye Tangi la Ronald

Doris mwenzangu, leo nimeaibika hata chai haipiti.

Lile tangi la samaki wa baharini aliloniachia mwanangu Ronald alipokwenda Kanada, mawe yake yameota mwani. Jumapili akaniambia, "Mama, chagua wa kusafisha, konokono au kaa wadogo. Watakula huo uchafu wote."

Nikaona ya nini kununua, na mfongo wetu, huo mfereji unaomwagilia migomba, umejaa konokono? Nimeokota kumi na wawili wazuri, nimewasuuza mmoja mmoja, nimewatia.

Wote, Doris! Wote kumi na wawili wamejikunja wakazama kama kokoto! Na mimi kila masika huwamwagia chumvi konokono wanaokula mchicha wangu. Sikufikiri kabisa. Nimewatoa kwa kichungi cha chai.

Nikampigia Aman, anayeuza samaki wa mapambo pale mjini. Kacheka mpaka kakohoa. "Bibi, wa mfongo kwenye maji ya chumvi! Chagua wa baharini, nikuletee." Nimechagua konokono sita, na kaa watatu wanaotembea na makombe yao mgongoni.

Ronald naye nimemweleza. Unajua kanijibu nini? "Mama, usihangaike. Aman alichukue tu hilo tangi."

Alichukue! Doris, kila Jumapili huyu mtoto hupiga kuuliza samaki wanaendeleaje. Tangi likienda, atauliza nini?

Nimemwambia asithubutu, samaki wamenizoea.

Uongo mtupu. Nikisogea tu wanajificha.