Maziba Yaliyorudi Musienene

Masika mujukuu wangu, jambo kule Beni. Huku Kimemi tuko bazima, mama yako anakusalimia.

Unauliza kama ninaamini ile tezi munayojifunza ku masomo, ndogo sawa haragi, mbegu ya maharagwe, chini ya ubongo, na mukubwa yake juu, kama njo zinaamuru maziba ya mama kwa mutoto. Wakati wa vita tulikimbilia Musienene. Maziba ya koko yako Kahindo, muke wangu, yakakauka juu ya woga. Mama yako, angali kitoto, akalia mpaka sauti ikaisha.

Mama yangu akasema: "Anyonye tu, hata bule!"

Kahindo akamupa titi. Mimi, mwimbaji wa kwaya, nikaimba polepole, ukungu ukilala juu ya viazi. Kahindo akacheka: "Wee, unaimba sawa mbuzi!"

Maziba yakashuka, mutoto akameza.

Donc, basi, ninaamini. Ile haragi ilisikia mutoto ananyonya, halafu ikanisikia mimi. Ambia mwalimu wako.

Koko yako mwanaume, mwimbaji.