Jina Moja kwa Nyasi za Wote

Jumatatu, 1 Oktoba 1984
Miguu imekwisha. Mchana kutwa kuburuta mnyororo wa kupimia, kutoka Ngaremara kwenda juu. Githinji, sorveya wetu, si mtu mbaya, ila hanyamazi. Anasema laini hii ya stima itatoka kwenye mito ya Ethiopia. Mabwawa yetu ya Tana yakikauka, kama sasa, wao watatupa stima. Mvua ikija kwetu, tutawarudishia. Maneno mazuri. Isiolo mjini stima inapotea kila jioni, nani atakataa? Mimi niliajiriwa kutafsiri Kiborana. Mnyororo hawakuutaja.

Alhamisi, 4 Oktoba
Vigingi vimefika kwa shangazi Bisharo, dada ya marehemu baba. Katikati kabisa ya malisho ya kiangazi. Hapo itajengwa stesheni kubwa ya stima, na seng'enge kuzunguka. Githinji akauliza, hapa ni pa nani? Nikatafsiri. Shangazi akacheka – nyasi ni ya mtu? Si yangu mimi. Githinji akaandika kwenye fomu: hakuna mwenyewe. Nikaona, nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka, nataka chai.

Kwetu ukisema malisho ni yako, wewe ni mchoyo tu, hata kama umekaa hapo miaka thelathini. Githinji angejuaje? Mimi najua.

Ijumaa, 5 Oktoba
Baada ya swala nimesoma ile fomu yote. Pasipo na mwenyewe, hakuna wa kuulizwa. Wanafunga seng'enge siku wanayotaka. Na ng'ombe za shangazi? Kumi na moja zimebaki, mbavu nje. Mto uko upande ule mwingine wa seng'enge. Kosa ni langu. Sijala.

Jumatatu, 8 Oktoba
Nimemwomba shangazi aseme tu ni pake. Amekataa. Akauliza, hiyo stima ikivuka mpaka inakuwa ya nani? Ya wote, nikamwambia. "Basi andika nyasi hivyo hivyo."

Nikampelekea Githinji maneno hayo. Hakucheka. Aliigeuza fomu mbele na nyuma, halafu akasema ina nafasi ya jina moja.

Jumanne, 9 Oktoba
Githinji amenipa fomu nyingine, safi. Anasema, andika jina lako, Diba, ndugu yangu. Ukiwa mwenyewe, lazima waje kwako kwanza, na ukikataa stesheni itasogezwa. Anataka kunisaidia, naona. Land Rover inarudi mjini saa tano.

Nimekaa kwenye kivuli cha gari. Naandika hapa daftarini ili nisiandike pale kwenye fomu. Nikitia jina, ng'ombe zitapita. Na kila boma hadi Kinna watasema Diba amejichukulia malisho ya watu kwa kalamu ya serikali. Nimechoka na kalamu.

Shangazi ameleta chai. Hajui kusoma, lakini karatasi ameiona gotini kwangu. Anauliza mwishowe tumemwandika nani. Githinji amewasha gari. Anauliza tena, na kikombe bado ameshika yeye, hanipi mpaka nijibu, na nafasi ya jina bado tupu –