Kisima cha Shangazi, Kahororo

Jumatatu, 25 Agosti

Pampu imewaka mara moja. Mkono wangu huo. Nimefanya kazi Mwanza, Kampala, hadi Bumbire kwa wavuvi, haijazaliwa injini ya kunigomea. Tunavuta maji ya kisima cha shangazi, tunayamwaga juu ya mnara wa kokoto, upepo unachukua sumu. Sumu ya karakana ya jirani, imefungwa siku nyingi. Walikuwa wanaosha vyuma kwa dawa ya kutoa grisi, wanaimwaga shimoni. Injinia wa mradi anasema dawa hii haielei kama mafuta. Inazama, inajificha kwenye mawe. Nikamwambia hata mimi nilijificha hivyo darasa la sita, wakanipata. Hakucheka. Kusoma kunaharibu watu.

Maji yakipona shangazi anabaki. Yasipopona, binti yake anamhamishia Muleba. Mume wake kazikwa hapa hapa kibanjani, kwenye migomba. Hataki kumwacha.

Ijumaa, 19 Septemba

Vipimo vimerudi. Safi! Nimezunguka Kahororo nzima kama mbunge. Injinia kazima pampu, anataka tusubiri mvua kisha tupime tena. Tusubiri nini? Nimemwambia shangazi ndizi zikiiva atengeneze lubisi, pombe ya ndizi, kwa maji ya kisima, watu waje tunywe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua wiki nzima. Maji yamepanda kisimani. Majirani wamejaa uani.

Shangazi kanipa kibuyu cha kwanza. "Onja, bojo, mwanangu. Wewe ndiye mganga wa maji."

Nikanusa. Harufu ya rangi ya kucha, ile ile ya kisima kabla ya pampu.

Ningeweza kunyamaza. Nikasimama nikasema msinywe. Mzee mmoja akadakia, "Waitu, jamani, huyu anataka amalize peke yake!" Wakacheka mpaka basi. Nikapiga pipa teke, pombe yote chini. Hapo hakucheka mtu. Shangazi aliingia ndani bila kunitazama.

Nimejiona takataka.

Jumatatu, 13 Oktoba

Injinia kapima. Sumu imerudi pale pale ilipokuwa kabla ya pampu. Mawe yanaitema kidogo kidogo, maji yakipanda inatoka nayo. Nimeuliza itaisha lini. Kasema mimi siku hiyo sitaiona, labda wajukuu. Na mradi hauna tena mfadhili.

Nimemchukia. Halafu nikamkatia mkungu wa ndizi apeleke kwake. Si yeye aliyemwaga.

Jumatano, 22 Oktoba

Wamebeba pampu. Mnara wameuacha. Kuku wanalala juu yake.

Jumapili, 9 Novemba

Nimempeleka shangazi Muleba. Alikaa kaburini asubuhi yote, sikumharakisha.

Binti yake alitupokea vizuri, akamletea mama yake maji kwenye glasi. Maji ya huko, ya mlimani, hayajawahi kuiona karakana. Shangazi akanusa. Akanusa tena. Akanipa na mimi.

Nikanusa. Nikamwambia ni safi, shangazi.

Akaichukua glasi, akaiweka chini pembeni ya kiti. Mpaka naondoka ilikuwa bado imejaa.