Kumkum kwenye sanduku la Malkia Chui

Revathi upo? Nimejifungia bafuni, nikitoka nitamtukana mtu.

Mama mkwe amefungua sanduku langu la Malkia Chui. LILE. Toleo maalumu, filamu zote tano, ambalo sijawahi hata kulitoa nailoni yake!

Si unajua leo ni Ayudha Puja, sikukuu ya kubariki vyombo, kila chombo lazima kipakwe msandali na ule unga mwekundu wa kumkum. Kapaka baiskeli, kapaka cherehani, kapaka blenda. Halafu akachukua kisu akaichana nailoni. Akaichana, Revathi! Eti, "Mwanangu, hiki unakipenda kuliko mumeo, nitaachaje kukibariki?"

Nilipiga ukelele mpaka majirani wakatoka.

Yeye ananiangalia tu, kidole chekundu kimebaki juu. "Sasa nipake wapi? Mbona humu hamna kitu?"

Hamna kitu. Nimeingiza mkono mwenyewe. Magazeti yamekunjwa vizuri, na kipande cha bati ili liwe zito. Diski hata moja hakuna.

Unakumbuka Kaka Dhanapal siku ananiuzia? Mbele ya kundi zima la wakusanyaji wa filamu: "Dada, usilifungue kamwe. Ukilifungua tu, umeliua." Na sisi wajinga tukampigia makofi! Miaka yote hiyo nafuta vumbi sanduku la magazeti, mtoto akilisogelea namfokea.

Mume wangu anacheka huko nje. Aliyenipa pole ni mama mkwe peke yake.

Na la kwako alikuuzia yeye yule yule.

Chukua kisu, shoga yangu. Nakusubiri.