Chiriku Anabaki na Simu za Dharura

Chumba cha mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Magoti yake yanasemaje na baridi hii? Na presha yako imeshuka, au bado unaongeza chumvi watu wakigeuka? Sisi wazima. Mgongo wangu unauma lakini bado unabeba zege, kwa hiyo haujafa.

Barua yako nimeipata. Umesema mwanangu Chiriku akimaliza mitihani ya sekondari utakuja kumchukua, akae kwako, aingie chuo cha ualimu. Umesema nafasi umeshamtafutia.

Dada, haji.

Nimeandika mapema usije ukahangaika kutafuta jibu huko chini. Wewe ndiye uliyenilea mama alipoondoka. Tangu nipate akili sijakukatalia neno. Hili nakataa.

Najua umbeya umenitangulia. Umeambiwa shule iliwapeleka wanafunzi kwenye kituo cha simu za dharura, waone kazi za huko, na mwanangu akamwambia mzee mzima anyamaze, na kwamba sasa anaitaka kazi hiyo. Ni kweli. Nilikuwepo. Sasa sikia kwa aliyeona, siyo kwa aliyesimuliwa kwenye foleni ya maji.

Kila mtoto alitakiwa aende na mzazi. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda na viatu vyenye saruji, sina vingine. Ni chumba kirefu, mapazia yameshushwa, kiyoyozi kinauma mifupa. Watu wamekaa kwa safu, kila mmoja na skrini zake na kile kidude cha masikioni chenye kijiti mdomoni. Nilidhani nitakuta makelele. Wapi. Mtu anaongea taratibu kama anapanga bei ya nyanya, kumbe upande wa pili nyumba inawaka.

Mkubwa wao ni mama mmoja mfupi, sauti nzito, wanamwita Mama Zamu. Aliwaambia watoto hii ni kazi kama kazi nyingine, ina mafunzo na cheti. Hatafuti wenye alama kubwa tu, anatafuta wenye kichwa kisichochemka. Kisha akawajaribu. Kijana wake mmoja aliingia chumba cha pili akapiga simu, anajifanya mzee ambaye mkewe ameanguka.

Mtoto wa kwanza akapokea: "Shikamoo babu." Mzee analia, mtoto anangoja aitikiwe. Wa pili akasema pole, akarudia pole, akamaliza pole zote alizokuja nazo. Wa tatu akauliza habari za nyumbani. Wazazi tulicheka. Mama Zamu hakucheka. Alisema watoto wetu wamelelewa vizuri sana, na yule bibi ameshakufa mara tatu.

Akakaa Chiriku. Nikasema sasa maneno yatamwagika, jina hilo ulimpa wewe na hukukosea. Mzee akaanza kulia, analaani gari limechelewa na hata hajaliita.

Chiriku akasema, "Babu, nyamaza. Uko wapi?"

Damu ilinipanda. Nilisimama nimkemee. Mama Zamu akaninyooshea kidole bila kunitazama, nikakaa. Na yule mzee akanyamaza kweli. Akataja mtaa, akataja duka la jirani. Chiriku akamuuliza kama bibi anapumua; hapumui. Akamwambia aweke mikono kifuani abonyeze kwa nguvu, na wahesabu wote kwa sauti. Pale hakuna aliyekuwa amewafundisha hayo.

Mimi nilijua alikoyatoa. Siku mama yake alipoanguka jikoni nilikuwa juu ya jukwaa la ujenzi. Chiriku ndiye aliyepiga simu. Mama fulani, mpaka leo hatumjui, alihesabu naye mpaka gari la wagonjwa likafika. Mke wangu hakupona, unajua. Lakini mtoto hakuachwa peke yake pale sakafuni. Mimi baba yake sikuwepo. Yule wa kwenye simu alikuwepo.

Sasa umeandika kwamba mtoto aliyefiwa asikae kutwa anasikiliza vilio vya watu, vitamvunja. Hata mimi hofu hiyo niliipata. Kumbe yeye alishaiwaza. Alimuuliza Mama Zamu mbele yangu, mtu akifia kwenye simu unafanyaje?

"Unapokea inayofuata," Mama Zamu akamjibu. "Zamu ikiisha unalia, na mwenzako anakaa na wewe."

Tuliporudi nyumbani, mlangoni akaniambia: "Baba, mimi naitaka hii."

Habari ya adabu. Shemeji akianguka bafuni leo, utataka anayepokea simu akuulize umeamkaje? Nijibu hilo kwanza, ndipo tuongee adabu.

Na lile la kusema kupokea simu si kazi, usilirudie. Mimi nimebeba zege tangu sijaota ndevu. Kazi naijua nikiiona.

Likizo hii anaanza kukaa pembeni ya mzoefu, anasikiliza tu. Mitihani ikiisha anaingia mafunzo. Nimeshampeleka, Mama Zamu ameshamkubali. Basi usikate tiketi ya kuja kumchukua. Kata ya kututembelea. Kitanda nitakupisha, mimi nitalala chini. Ukitaka kununa, ninunie mimi. Yeye mwandikie kama siku zote, asije akadhani kuchagua kazi ni kupoteza shangazi.

Ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amesema nipunguze ukali, utaumia. Sijapunguza.

Nisalimie sana shemeji. Msalimie kifungua mimba wako dereva na mkewe, na yule bibi jirani yako kama bado anakuibia kuni. Chiriku anakuamkia, anasema anakupenda. Mungu akulinde ukilala na ukiamka, na nyumba yako isipate hata siku moja sababu ya kumpigia mwanangu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ninapokukatalia.