Gari la Kaka Anselmi

Jumapili. Mvua imeshika tangu tulipotoka misani, ziwa halionekani, na mimi nina hasira ambayo hata chai ya tangawizi imeshindwa kuituliza.

Kaka Anselmi amekuja kutoka Kanada. Yuko sebuleni kwa Mama sasa hivi, anaonyesha picha za theluji.

Mnaonisoma hapa mnalijua gari lake. Ni lile jekundu la michezo, la milango miwili, lenye taa za mbele zinazochomoza kama macho ya chura. Siku hizi linachomoza jicho moja. La kushoto mpaka nilipige ngumi. Kaka alilileta tuliporudi kutoka Tanzania, kwa hiyo usukani uko kulia, na huku tunaendesha upande huohuo wa kulia. Nikitaka kulipita lori, lazima aliyekaa kushoto achungulie aniambie kama njia ni nyeupe. Mara nyingi aliyekaa kushoto ni gunia la viazi.

Ndiyo, viazi. Kila siku ya kazi napanda nalo mlimani Mudende, nanunua kwa wakulima, nateremka mpaka kwa akina mama wanaovusha mizigo kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka. Gari la vijana na la lami, mimi nimeling'oa viti na kulijaza magunia. Papa Espoir, fundi wangu, mtu wa Goma aliyeoa huku, aliliinua kwa springi za basi dogo ili tumbo lisigonge mawe ya volkano. Tangu hapo limesimama kama kuku aliyenyeshewa, na watu wa Rugerero wakiniona napita wanapiga makofi.

"Mama, hii voiture iko nachoka," Papa Espoir huniambia kila ninapompelekea. "Haikukuwa ya kubeba birayi. Bon, lete tuone."

Birayi kwake ni viazi. Na tunaona. Leo radieta, kesho klachi, keshokutwa gasketi. Stata inakubali injini ikiwa baridi tu, kwa hiyo nikifika juu huko naegesha mteremkoni, nisukumwe kidogo wakati wa kuondoka. Wako wakulima wenye viazi vizuri sana ambao sinunui kwao, kwa sababu tu nyumba zao ziko tambarare.

Wengi mmeniuliza kwa nini sikuliuza. Nimekuwa nikiwajibu kwa mzaha. Leo nasema ukweli.

Siku anaondoka, kaka aliniwekea ufunguo mkononi akasema, "Nitunzie gari." Basi, hayo tu. Mama alikuwa amesimama pale, na Mama ni mtu wa ng'ombe. Kwa Mama hilo lilikuwa jambo moja linalojulikana: kuragiza. Mtu anakuachia ng'ombe wake. Utamlisha, utamtibu, maziwa utakunywa, lakini ng'ombe si wako. Huuzi, hubadilishi. Na siku mwenyewe akija, unamtoa zizini akiwa safi, amwone.

Ndivyo nilivyolishika gari. Maziwa yake yalikuwa viazi.

Papa Espoir alipolifufua, kila mara nilirekodi mlio wa injini nikamtumia kaka. Alinijibu kwa kidole gumba. Nilikipokea kile kidole kama barua ndefu.

Halafu kuna ile pikapu. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, kijana aliyekulia Uganda, alilipenda gari mpaka akawa anakuja kulitazama kama mchumba. Akanitolea pikapu yake, nzima, nguvu tele, tubadilishane mkono kwa mkono. Pikapu! Ningeshusha kwa safari moja ninachoshusha kwa tatu. Ningenunua tambarare. Mgongo wangu ungekuwa mgongo, si huu unaohitaji dawa ya kuchua kila jioni. Nilikwenda kwa Mama kumwomba ruhusa, Mama akanitazama kana kwamba nimesema nataka kumuuza kaka mwenyewe. Nikakataa pikapu. Kijana alimpata mwingine wa kubadilishana naye.

Sikumwambia kaka. Niliona ni kama kumdai shukrani.

Jana nilishinda nikiliandaa. Nilitoa magunia, nikafagia udongo wa Mudende, nikarudisha viti vilivyokuwa vimefunikwa stoo. Nikaling'arisha mpaka nikajiona kwenye mlango. Papa Espoir alikuja akairekebisha ile taa ya kushoto ichomoze yenyewe, walau kwa siku moja, na hakutaka malipo. Leo baada ya misa nikalisogeza mbele ya nyumba, nikasimama pembeni na kanga yangu nzuri. Mama naye akasimama. Tukamsubiri mwenye ng'ombe.

Kaka akashuka kwenye jipi la kukodi. Akaliona. Akacheka.

"Hee! Hili nalo bado lipo? Mimi nilidhani mlishaliuza kama vyuma chakavu zamani."

Alicheka vizuri tu, bila ubaya, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mbaya ningemjibu. Nikamuuliza, je, zile sauti nilizokuwa nakutumia? Akasema alidhani ni gari langu jipya. Nikamwambia habari ya pikapu, naye akanigusa bega.

"Si ungebadilisha tu, dada? Gari lenyewe hili!"

Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama na yeye ni mkarimu mbele za watu, akatangaza, "Basi nimekupa. Kuanzia leo ni lako."

Kwetu aliyepewa ng'ombe huapa kwa jina la aliyempa, maisha yake yote. Majirani wakapiga makofi wakingoja nilitamke jina. Mama akaninong'oneza kwa Kinyarwanda nimshukuru kaka yangu. Macho ya Mama yalikuwa yamejaa machozi. Sijui ya furaha au ya kuelewa, na sitamuuliza.

Nikasema asante. Jina sikulitaja.

Nina uchungu, nakiri. Si naye tu. Nina uchungu na Mama, nina uchungu na mila nzuri iliyokaa vibaya juu ya kitu kinachokunywa petroli. Zaidi ya wote nina uchungu na huyu mwanamke aliyesimama na kanga mvuani. Ahadi ni deni, tunaambiwa. Mimi nimelilipa deni ambalo mwenye kudai hakujua kwamba anadai.

Mvua hii itakuwa imeitafuna barabara ya Mudende. Alfajiri nitatoa viti tena, kaka akiwa bado amelala. Likinizimikia mlimani, naweza kuliacha palepale nikateremka kwa pikipiki, na hakuna mtu duniani wa kuniuliza liko wapi.

Lakini najijua. Nitashuka, nitavua viatu, nitalisukuma.